Ushahidi wa Goti la Nyasuguta

Nyasuguta hakuwa mtu wa kuambiwa keti akaketi. Watoto wake walimwambia afunge biashara, akakataa. Mkwewe akamnunulia kiti cha plastiki chenye mikono ili apumzike barazani, naye akakipeleka sokoni na kupanga avokado juu yake. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Nusu ya umri huo alikuwa ameuza ndizi na avokado katika soko la Kendu Bay, tangu yeye na marehemu mumewe walipoteremka kutoka Kisii wakiwa na mikungu minne ya kuanzia maisha. Wajaluo wa pale walimwita nyar Kisii, binti wa Kisii, na jina hilo lilikuwa limezeeka pamoja naye.

Kilichokuwa kikimshinda ni goti. Goti la kulia lilikuwa limelika ndani, na akichuchumaa kuchagua ndizi, kuinuka ilikuwa kazi ya kushika meza na kumwomba Mungu. Tena kulikuwa na shida ya mguu wa pili. Donge la damu lilikuwa limemshika mara mbili mguu wa kushoto, na tangu mara ile ya pili aliandikiwa dawa ya kuzuia damu isigande, ameze kila jioni maisha yake yote. Kila mwezi alikwenda Homa Bay kwenye kliniki ndogo ya daktari aitwaye Machuki, akatobolewa kidole, akaambiwa namba ya wepesi wa damu yake, akarudi kwenye ndizi zake.

Dorine ndiye aliyemletea kopo. Walisali pamoja kanisa la Sabato, na Dorine alikuwa mtoto wa kupendwa na kila mtu: mwembamba, mchangamfu, aliyekuwa akifundisha chekechea hadi shule ilipofungwa, kisha akaingia katika uuzaji wa vidonge vya viungo vya mwili vilivyoitwa Nyumbuka. Alikuja kwenye meza ya Nyasuguta na kopo la kijani, akalishika kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi.

Nyasuguta alimwambia dawa alizokuwa nazo zinamtosha.

"Hii si dawa, Mama Bravin," Dorine akasema, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. "Ni chakula cha viungo. Haiingiliani na kitu chochote."

Kwa kuwa ni chakula, Nyasuguta hakuona sababu ya kumwambia daktari. Nani humwendea daktari kumwambia amekula sukuma wiki?

Wiki tano zikapita, na goti likaanza kulegea. Si hadithi, lililegea kweli. Asubuhi moja alichuchumaa, akachagua ndizi, akasimama bila kushika meza, na muuza dagaa wa omena wa meza ya pili akapiga vigelegele. Dorine alimpiga video akishuka ngazi za soko na beseni kichwani. Video ikasambaa kutoka simu hadi simu, ikavuka Homa Bay, ikafika Migori, na huko ikamfikia Dishon, kiongozi wa wauzaji wa Nyumbuka wa upande wote huo. Dishon akapiga simu mwenyewe. Alitaka nyar Kisii aje Migori, Jumapili ya mwisho wa mwezi, asimame mbele ya watu mia tatu ukumbini na kutoa ushahidi wake. Dorine naye angepandishwa cheo siku hiyohiyo. Nyasuguta akakubali kwa moyo mweupe. Kitu kilikuwa kimemsaidia. Kwa nini asiseme?

Lakini mwili nao ulikuwa na la kusema. Kwanza ulisema mikononi: alama nyeusi kama zambarau zilizopondwa, mahali ambapo hakukumbuka kugonga kitu. Kisha fizi zikaanza kutoa damu akipiga mswaki. Alimwonyesha Dorine, na Dorine akauliza kwenye kikundi chao cha simu. Jibu la Dishon lilirudi kabla maji ya chai hayajachemka: hizo ni dalili nzuri, mwili unajisafisha, aongeze kidonge kimoja. Nyasuguta akaongeza.

Sabato iliyofuata, akiwa amesimama mlangoni mwa kanisa kama shemasi, pua ikaanza kuvuja. Akainamisha kichwa, akabana pua, akangoja. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, mahubiri yakaanza, na kitambaa chake cheupe kilikuwa kimelowa hadi hakina pembe nyeupe. Hapo akajua kwamba huko si kusafishwa. Jumapili alfajiri alipanda gari la Homa Bay, na kopo akalitia kwenye mkoba.

Machuki alimtoboa kidole, akatazama kipimo, akamtoboa kidole cha pili kana kwamba cha kwanza kilikuwa kimemdanganya. Namba ya Nyasuguta ilitakiwa isizidi tatu. Mwezi uliopita haikuwa imezidi; siku hiyo ilikuwa saba na nusu. Damu yake, daktari alimweleza, ilikuwa nyepesi kiasi kwamba akianguka na kugonga kichwa huenda isisimame. Akamuuliza kama amebadilisha chakula, kama amezidisha dawa, kama ameugua. Nyasuguta akalitoa kopo na kuliweka mezani.

Daktari akalizungusha mara mbili, akasoma maandishi madogo ya nyuma akiwa amelisogeza karibu na dirisha. Kisha akaanza kufoka. Alisema wazee hawasikii, wanameza kila kinachopita sokoni, halafu wanakuja kufia mikononi mwake. Alikuwa kijana wa rika la mwanawe wa mwisho, Mkisii mwenzake, na pengine alidhani hilo lilimpa ruhusa.

Nyasuguta alimwacha amalize.

"Kila mwezi unaniuliza kama nimemeza dawa zako," akasema. "Miaka mitatu. Hujaniuliza hata siku moja ninameza nini kingine."

Machuki akaliweka kopo mezani. Akavuta kiti, akaketi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiwa naye. Sauti yake sasa ilikuwa ya chini. Alimweleza kwamba kitu kilichomo kwenye vidonge vile huweza kuongezea nguvu dawa ya damu, si kwa kila mtu, ila kwa wengine kama yeye. Huweza pia kuvuruga tumbo, na wenye kisukari wanapaswa kupimwa sukari wakikitumia. Na wapo wanaovitumia bila kupata neno lolote, na goti likatulia, ingawa wengine goti halijui hata kama wamemeza.

"Hutengenezwa na nini?" Nyasuguta akauliza.

"Maganda ya kaa na kamba wa baharini," daktari akasema. "Imeandikwa hapa."

Nyasuguta akalivuta kopo kwake. Tangu abatizwe akiwa msichana hakuwahi kula hata samaki asiye na magamba, wala kaa, kama kanisa lake lilivyokataza. Alikuwa amekaa kando ya ziwa miaka yote hiyo, akinusa harufu ya kambare wakikaangwa kwa majirani, asiguse. Na sasa alikuwa amemeza kaa asubuhi na jioni, wiki nane, kwa maji ya uvuguvugu, akiomba kwanza.

Akachomwa sindano ya kuirudishia damu nguvu ya kuganda, akalazwa pale kliniki siku mbili, akaambiwa aache vidonge na apumzishe dawa yake hadi namba ishuke. Ilishuka.

Habari zilimfikia Dorine, naye akaja nyumbani. Alilia, akaomba msamaha, na akaapa kwamba mambo ya kaa hakuyajua; alikuwa Msabato kama yeye na alimeza vidonge vilevile. Nyasuguta akamwamini. Kisha Dorine akaleta la Dishon: mama aje Migori kama walivyopanga, aseme habari za goti tu. Hiyo ingekuwa kweli tupu, hakuna atakayemlazimisha kusema uongo. Na asipokuja, cheo cha Dorine kingekwenda kwa mtu wa Muhuru Bay.

"Nitakuja," Nyasuguta akasema.

Dorine akamtazama sana, asijue kama ashukuru.

Ukumbi wa hoteli moja ya Migori ulijaa hadi watu wakasimama kando ya kuta. Wengi walikuwa watu wazima wenye viungo vilivyochoshwa na kazi: wauza samaki, walima tumbaku, wafugaji waliotoka upande wa mpakani, walimu wastaafu. Spika mbili kubwa zilipiga nyimbo za injili. Dishon, ndani ya suti ya buluu, alimtambulisha nyar Kisii kama muujiza, akaonyesha ile video ukutani, na watu wakapiga makofi. Nyasuguta akapanda jukwaani kwa miguu yake mwenyewe, akapewa kipaza sauti.

Alianza na goti. Alisema lilivyokuwa na lilivyokuja kuwa, hakupunguza kitu, na makofi yakamkatiza mara mbili. Dishon akatabasamu, akanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti.

Nyasuguta hakukitoa. Alikunja mkono wa gauni hadi juu ya kiwiko. Alama zilikuwa zimeanza kugeuka manjano lakini zilionekana hata kutoka viti vya nyuma. Akawaambia watu habari ya damu yake, namba aliyotakiwa kuwa nayo na aliyokutwa nayo. Akawaambia aliuliza akaambiwa aongeze kidonge, na kwamba aliyemwambia aongeze ni huyu hapa.

Dishon akafanya ishara kwa kijana wa muziki. Kipaza sauti kikafa, nyimbo zikapanda.

Hawakumjua. Mtu aliyeuza ndizi miaka thelathini kati ya wapiga kelele wa Kendu Bay hahitaji umeme. Nyasuguta akaweka kipaza sauti chini, akashika kiuno, na sauti yake ikapita juu ya muziki kama anaita mteja upande wa pili wa barabara.

"Nani hapa anameza dawa ya presha? Ya sukari? Ya damu? Umemwonyesha daktari wako hilo kopo? Na nyinyi Wasabato, mmesoma nyuma? Ni kaa. Soma mwenyewe, usiniamini mimi."

Ukumbi mzima ukageuza makopo. Wasio na miwani wakawapa wenye miwani. Mzee mmoja wa Kikuria, mfupi, akatembea hadi kwenye muziki na kuung'oa waya ukutani, kisha akarudi kitini. Dishon alimwambia Nyasuguta, akiwa ameusogeza uso karibu, kwamba atamshtaki. Nyasuguta akamwambia aandike jina lake vizuri, maana polisi hukosea kuandika majina ya Kisii.

Baadaye mambo hayakuwa mepesi. Kwenye vikundi vya simu iliandikwa kwamba amelipwa na wenye maduka ya dawa. Dada wawili wa kanisani, wauzaji wa Nyumbuka, waliacha kumsalimu. Dorine hakupata cheo, na alipita mbele ya meza ya Nyasuguta wiki saba bila kugeuza shingo. Hilo lilimuuma kuliko goti. Na goti lenyewe lilirudi palepale lilipokuwa. Machuki alimpa mazoezi ya kunyanyua mguu akiwa amelala chali, na fimbo, na safari hii alimuuliza maswali mengi hadi Nyasuguta akamwambia aache mengine ya mwezi ujao. Kwenye karatasi za kliniki kulikuwa na mstari mpya ulioandikwa kwa kalamu: *Unatumia nini kingine?*

Kesi haikuja. Walikuja watu. Walifika sokoni na makopo kwenye mifuko, wengine kutoka mbali, na Nyasuguta aliwaambia neno lile lile: hakuwaambia wameze wala wasimeze, aliwaambia wapeleke kopo kwa anayewaandikia dawa, wasiondoke bila jibu.

Wiki ya nane Dorine alisimama mbele ya meza. Mama yake mzazi aliishi Kisegi, alikuwa na kisukari, na kopo lake la kwanza alipewa na bintiye.

"Nimetoka huko," Dorine akasema. "Tumempima. Imepanda. Ndugu zangu wanasema si vidonge, ni chai ya sukari."

"Na wewe unasemaje?"

"Sijui, Mama. Nimelichukua kopo. Kesho ninampeleka Homa Bay."

Nyasuguta akatoa avokado kwenye kiti cha plastiki, moja moja, akakifuta kwa kanga, akamsogezea.