Amri Inayosubiri

Pale ofisini walimwita Mama Kufuli, na wala hakukasirika. Kompyuta zote za shirika, za makao makuu na za vituo vya afya vya mbali, zilikuwa mikononi mwake bila yeye kuinuka kitini. Alizitia programu mpya, akazifungia zilizochezewa, na ukithubutu kuweka picha za harusi ya binamu yako kwenye kompyuta ya kazi, alikupigia simu hujamaliza hata kuzitazama. Watu walimsengenya asubuhi, mchana wakamwomba msaada.

Siku hiyo aliyepiga simu alikuwa mdogo wake wa kiume, afisa takwimu katika kimojawapo cha vituo hivyo. Laptopu yake haionekani. Mara ya mwisho alikuwa nayo jana, kwenye gari la ofisi.

"Dada, chondechonde, usiifute," alisema. "Baba yumo humo."

Akaelewa. Kabla mzee hajapigwa na kiharusi, mdogo wake alikaa naye jioni nyingi akimrekodi: alivyokwenda kuposa akafukuzwa na mbwa wa mkwewe, nyimbo za kubembelezea watoto alizoziimba ovyo, majina ya mashangazi ambao hakuna mwingine anayewakumbuka. Simu ilikuwa imejaa, akahifadhi yote kwenye kompyuta ya kazi, na hapo tu. Sasa mzee anakula, anacheka kwa macho, lakini neno halimtoki.

"Si nilikwambia mambo ya nyumbani usiyaweke humo?"

"Uliniambia. Nigombeze kesho. Leo nipe mpaka jioni niitafute."

"Haya. Nitasubiri."

Alisema hivyo kwa moyo mmoja, ila moyo huo haukudumu. Humo mlikuwa pia na majina ya wagonjwa, na maradhi ambayo wengine hawajawaambia hata wake zao. Angekuwa mfanyakazi mwingine, angeshaifuta zamani. Akajiambia kazi ni kazi, akabonyeza amri ya kuifuta. Kwenye skrini, mbele ya jina la mdogo wake, pakatokea neno la njano: Inasubiri. Amri ya namna hiyo haina haraka. Itakaa hata mwaka mzima, mpaka siku mashine itakapowashwa na kushika mtandao, ndipo mashine ijifute yenyewe.

Kabla ya chakula cha mchana simu ikaita tena.

"Imepatikana! Dereva kaikuta chini ya kiti. Haijaguswa, dada, ninayo hapa ofisini!"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Maneno yenyewe machache: nilikudanganya, nimeshatuma amri. Lakini mdogo wake alikuwa akicheka kicheko ambacho hajakisikia tangu mzee augue, naye akaona haya. Ya nini kumtia simanzi, na amri inaweza kutenguliwa kimyakimya asijue lolote?

"Usiiwashe kwanza," alisema kwa sauti yake ya kazini. "Nataka kuikagua."

"Sawa, bosi."

Kutengua amri kulihitaji idhini ya mtu wa pili. Kanuni hiyo aliitunga mwenyewe, maana watu walizoea kuja kumlilia, na moyo wake haukuwa jiwe kama walivyodhani. Akavua viatu, akateremka ngazi mbio, akaingia mkutanoni bila hodi. Meneja akamtazama miguu, akabonyeza idhini kwenye simu yake, akaendelea na kikao. Mama Kufuli akapanda ngazi taratibu, roho imemtulia, huku akipanga namna ya kumgombeza mdogo wake kesho.

Alipofika mezani neno la njano halikuwapo. Palikuwa na la kijani: Imekamilika. Simu ilikuwa ikiita.

"Dada, usinikasirikie," mdogo wake alisema. "Najua umenikataza. Nilitaka tu nikusikilizishe ile ya mbwa, mara moja, halafu niiache. Sasa mbona inafanya vituko? Imejizima, ikawaka yenyewe. Imeandika 'Karibu'. Halafu inaniuliza nachagua lugha gani, kama mpya ya dukani."

Mama Kufuli akakaa.

"Dada? Nichague ipi?"