Fizible ya Pompa, Njia ya Masisi

Watu wa Nyabiondo wakisikia jeep yangu imezimika, hawaulizi imeharibika nini. Wanauliza nimekutana na nani. Wenye bunduki wa huku hawana jina moja wala nguo za rangi moja, ila wote wanapenda gari la mwenzao: wanalichukua libebe mizigo yao, na likirudi, linarudi halina magurudumu. Ndiyo maana sisi madereva wa Walikale na Masisi tuna dawa yetu. Ukiona kofia mbele, unapeleka mkono chini ya usukani, unang'oa fizible ya pompa ya mafuta, kifyuzi kidogo kama ukucha wa dole gumba, unakificha shavuni. Wajaribu kuwasha wenyewe: demareri, ile starta, inazunguka weee, moto haushiki, maana mafuta hayapandi. Wanapiga mlango teke, wanakutukana, wanaenda zao. Jeep yangu imetukanwa mara arobaini na bado ni yangu.

Jumanne ile ilitukanwa mara mbili kabla ya saa nne asubuhi.

Saa tano nikamkuta Munyakazi, mkulima wa maharage na muhogo, kando ya barabara na wanaume wanne. Walikuwa wamemteremsha mke wake Josiane kutoka mlimani kwa kipoyi, ile machela yetu ya miti miwili. Uchungu ulimshika tangu jana, na muuguzi wa kituo alikuwa amesema maneno machache tu: apasuliwe hospitali ya Masisi kabla ya saa nane, mtoto amechoka. Kwa jeep ni saa moja na nusu, matope yakikubali. Niliwaambia wabebaji warudi shambani na kipoyi chao, nikawatania kwamba mabega yao hayana vitesi, gia za kupandia mlima. Josiane alicheka kidogo, meno yameumana. Mama yake, Emérita, hakucheka. Alipanda nyuma na mkono wake haukutoka juu ya tumbo la binti yake.

Tulikuwa tumepita nusu ya njia, katikati ya mlima, jeep ilipozimika bila hata kukohoa. Nikazungusha ufunguo, nikatega sikio. Pompa ikiwa nzima, unaisikia ikivuma chini ya kiti cha nyuma kama nyuki. Kimya. Nikapeleka mkono chini ya usukani, na fizible ikaniunguza kidole. Plastiki ilikuwa imeyeyuka, waya wa ndani umekatika, na pale inapokaa, meno mawili ya chuma yameachama, meusi. Nikaelewa. Mara arobaini kutoka, mara arobaini kurudi, tena na mate yangu. Meno yamelegea, yasiposhika vizuri yanachemka, na joto hilo ndilo linalokula fizible.

Munyakazi alikuja dirishani. Alitazama juu ya mlima, kuelekea Loashi, ambako kila mtu anajua hakukosi kizuizi cha wenye bunduki. Akanitazama mimi.

"Kaka Sylvain," akasema polepole, "fungula kinywa."

Nilidhani anatania. Nikacheka peke yangu. Kisha nikafungua, naye akaingiza kidole shavu hili na shavu lile, kama mtu anayechagua mbuzi sokoni. Akapapasa mifuko, akanivua viatu. Nilipomwonyesha ile iliyoungua, akasema, "Hiyo njo unabebaka kila siku ya kuonyesha wanajeshi; nzima iko wapi?" Robo saa ilikwenda hivyo, na sikuwa na haki ya kulalamika. Emérita ndiye aliyetuamua.

"Mutoto anaanza kunyamaza humu," akasema. "Muache muntu atengeneze."

Nikatoa waya wa batri, nikayabana yale meno kwa koleo, nikaweka fizible ya honi, maana ampea ni zile zile. Nikarudisha waya, pompa ikavuma. Josiane akamshukuru Mungu, tukapita kona mbili, fizible ikaungua. Nikaweka ya wipa: kona moja. Ya taa haikumaliza hata hiyo. Nilikuwa ninaila jeep yangu kipande kwa kipande. Mwishowe nikafanya lile ambalo kila dereva anajua halifanywi: nikachuna waya wa shaba, nikaufunga jino kwa jino. Tulipanda vizuri sana. Dakika tano hivi, hata nikaanza kupiga mluzi. Kisha harufu, kisha moshi miguuni mwangu. Niliwahi kung'oa batri kabla ya moto, lakini nyaya zinazokwenda kwenye pompa zilikuwa zimeyeyuka, zimeshikana zote, hadi sakafuni. Hapakubaki cha kubadilisha.

Munyakazi alikwisha shuka mbio mashambani. Alirudi na wanaume wawili, nami nikawa wa nne. Tulikata miti miwili ya mikaratusi, tukafunga turubai langu, tukamlaza Josiane. Saa nane ilikuwa imepita.

Hatukufika Loashi. Emérita alituamuru tumweke chini, kando ya shamba la maharage, tugeuke. Tuligeuka. Tulisubiri sauti. Tulisikia viganja vya mwanamke mzee vikipiga nyayo ndogo, tena, tena, kisha akipuliza, kisha akipiga tena, muda mrefu.

Alikuwa mvulana. Emérita alimfunga kwa kitenge chake, akamweka mgongoni kama anavyobebwa aliye hai, ili mama yake asimwone. Akatuambia tuinue upesi, damu ya binti yake haijakata.

Nilikuwa upande wa kichwa. Josiane alifungua macho, akaniona mimi kwanza.

"Papa Sylvain, mbona simusikie mutoto?"

Nikasema tumekaribia, na hatukuwa tumekaribia. Munyakazi, aliyeshika mbele, hakugeuka. Aliongeza hatua tu, nasi wengine tukalazimika kukimbia.