Mtoto wa Wendelin

Katika miaka sita ya kuongoza Tume ya Madai ya Raia nilijisifu kwamba namtambua mwongo kabla hajakaa kwenye kiti. Kazi yetu ni kuwasikiliza Watanzania waliodhulumiwa na serikali za nje. Serikali hizo zikikiri kosa, sisi ndio tunaoamua nani anastahili kuombwa radhi na kulipwa fidia, na nani aondolewe.

Jalada la Merina lilikuwa la kuondolewa. Alidai kuwa mtoto wa Wendelin, fundi wa kuchomelea aliyekufa ughaibuni kwenye karakana ya bandari, tangi la mafuta lilipolipuka. Serikali ya nchi ile ilikiri uzembe. Lakini cheti cha kuzaliwa cha Merina kilimtaja Stanislaus, mdogo wake Wendelin, ambaye yu hai na analima mpunga. Wajumbe wenzangu waliandika "udanganyifu." Ilibaki saini yangu tu, na baada ya hapo asingeweza kudai tena maisha yake yote.

Kilichonizuia kusaini ni hasira. Nilitaka kumwona kwa macho yangu mtu mwenye baba mzima anayejitafutia baba marehemu. Nikamchukua Festo, katibu wangu, tukapita Kidatu na Mkula, tukaingia Ifakara saa nne asubuhi. Merina tulimkuta kwenye mashine ya kukoboa mpunga, pumba zimemjaa hadi kwenye kope. Akazima mashine, akaja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba yako nani?"

"Wendelin."

"Na aliyekuzaa?"

"Stanislaus," alisema bila kupepesa.

"Sasa kwenye fomu ulimwandikaje Wendelin?"

Alinitazama kwa huruma. "Mama, fomu iliuliza jina la baba. Haikuuliza aliyenizaa."

Festo akakohoa. Fomu ile niliitunga mimi. Niliona haya, na nikiona haya huwa nazidi ukali, kwa hiyo nikamwamuru anieleze yote.

Mama yake alifariki akimzaa. Siku ya kumaliza matanga, ukoo ulikaa ukamkabidhi kwa Wendelin, ambaye hakuwa na mtoto. Wendelin ndiye aliyemlea na kumsomesha. Alipokwenda nje, Merina akiwa keshakuwa msichana mkubwa, alimpigia simu kila Jumapili baada ya misa.

"Basi tukuandike mtegemezi," nilisema. "Fidia utapata ileile."

"Na barua ya kuombwa radhi?"

"Hiyo huandikiwa mke na watoto."

"Basi niondoeni tu, mama. Mtegemezi ni mtu wa kulishwa. Mimi nilikuwa mtoto wake."

Nilimpenda palepale, na nikakasirika kwa kumpenda.

Niliuliza kama kikao kile cha ukoo kiliandikiwa muhtasari. Hakikuandikiwa, walikuwa wanaaminiana. Lakini muhtasari ungeweza kuandikwa hata leo, ilimradi waliokuwepo wakae, waseme walichofanya, na mwenyekiti wa kitongoji agonge muhuri. Huo ungenitosha kumkubali Merina. Tatizo ni kwamba aliyemtoa mtoto alipaswa kutamka mbele ya watu kuwa alimtoa.

"Mimi siwezi kumwomba hilo," Merina alisema. Nikaenda kumwomba mimi.

Stanislaus alikuwa anapalilia, suruali imekunjwa magotini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, Mungu alinipa mtoto mmoja tu," alisema. "Ukishaandika hivyo, mimi nabaki na wangapi?"

Nimebishana na mabalozi nikawashinda, lakini mzee yule sikuthubutu kubishana naye. Nilimwambia kwamba hakuna anayemlazimisha, na kwamba tutakuwa ofisi ya kitongoji hadi saa kumi.

Saa tisa walikuwa wamefika Stefania, shangazi yake Merina, na wazee watatu waliokuwepo siku ile ya matanga. Saa tisa na nusu Stanislaus hajaonekana, na Festo alishaanza kukusanya makaratasi, nikamgombeza ayarudishe mezani. Ilikaribia saa kumi mzee alipoingia, ameoga, amevaa koti. Merina alimpigia goti, akampa kiti chake. Hakukikalia.

"Nilimtoa kwa mikono yangu mwenyewe," alisema. "Hajatimiza hata mwezi. Kaka akampokea, na tangu siku hiyo ni mtoto wa Wendelin. Sijawahi kumdai." Shangazi Stefania alilia waziwazi, nami sikuwa mbali.

Mwenyekiti wa kitongoji aliandika yote, akafika kwenye orodha ya waliohudhuria. "Na wewe mzee, tukuandike nani wa mtoto? Baba mzazi?"

Stanislaus alivuta daftari akaandika mwenyewe, polepole, kwa herufi kubwa: BABA MDOGO.

Muhuri ukagongwa. Nami nikasaini jalada, kumkubali. Kwa wenzangu kule Dodoma nilishaandaa ukali wa kutosha. Nilipoinua kichwa, Merina alikuwa anamfuta mzee machozi kwa ncha ya khanga.

"Twende nyumbani, baba," alimwambia. "Hujala tangu asubuhi."