Maneno ya Mzee Tukahirwa Hayamo

Ukitaka kumchokoza Mukantabana, mwambie haki ipo. Atakutazama juu hadi chini, atasonya, na siku hiyo usimwombe hata chumvi.

Miaka kumi na moja alitunza ghala la kinu cha kukoboa kahawa huko Bugene, hakuwahi kupoteza hata gunia tupu. Siku yalipopotea magunia ishirini ya kahawa safi, meneja wake, Elick, alimfukuza mbele ya wafanyakazi wote, akamwita mwizi. Jina hilo lilitembea kuliko bodaboda. Kanisani wakampokonya ufunguo wa sanduku la sadaka. Kayanga sokoni wenye maduka wakaanza kumfuata kwa macho. Kazi angepata nyingine. Kilichomkosesha usingizi ni hilo jina, na alitaka lifutwe kabla halijawafikia wakwe wa binti yake kule Kibingo.

Akapeleka lalamiko kwa mwamuzi wa migogoro ya kazi. Aliyeweza kumtetea alikuwa mtu mmoja tu: Mzee Tukahirwa, mlinzi wa kinu, aliyemwona Elick mwenyewe akifungua ghala na kupakia magunia kwenye gari lake.

Sasa sikia vituko. Mwamuzi, kijana aitwaye Placidius, alikuwa akiandika kila neno kwa mkono. Mzee akianza kusema, kijana anainamia karatasi, na mzee ananyamaza. Kijana akiinua uso, mzee anaendelea. Akiinama tena, kimya!

"Mwanangu," mzee akasema mwishowe, "nazungumza na wewe au na utosi wako?"

Kwa wazee wa kule, mtu asiyekutazama unapomweleza jambo amekwishakuona mwongo. Mzee akashika fimbo yake aondoke. Mukantabana akasimama bila kuruhusiwa.

"Mheshimiwa, nakuomba, weka kalamu chini. Mtazame tu, atasema yote."

Placidius naye alikuwa mtoto wa hukohuko, aliyelelewa akaleleka. Akaona haya, akaiweka kalamu mezani. "Samahani, mzee wangu. Endelea."

Mzee akafunguka saa nzima: siku, gari, idadi ya magunia, mpaka beberu aliyeahidiwa na Elick ili afunge mdomo. Wakili wa kinu alimhoji mpaka akaishiwa maswali. Tuzo, ndiyo hukumu ya mwamuzi, ikatoka kwamba Mukantabana hakuiba, arudishwe kazini. Siku hiyo alipita sokoni kichwa juu, akizunguka makusudi ili wamwone.

Elick akakimbilia mahakamani kuomba tuzo ipitiwe upya. Miaka miwili ikakatika. Katikati ya hapo Mzee Tukahirwa akafariki, na Mukantabana akapika msibani siku tatu.

Siku ya shauri, jaji alifunua kumbukumbu za usikilizwaji, akarudi nyuma, akafunua tena. Penye ushahidi wa Mzee Tukahirwa palikuwa na jina, umri, dini, kiapo, kisha mstari mmoja: "Shahidi ameeleza aliyoyaona." Basi.

"Aliona nini?" jaji akauliza.

Cassian, katibu wa chama cha wafanyakazi aliyemsimamia Mukantabana, akaanza kueleza. Jaji akamkatiza kwa upole: mahakama haiwezi kusoma kisichoandikwa. Tuzo ikafutwa, shauri lisikilizwe upya mbele ya mwamuzi mwingine.

"Upya na nani?" Mukantabana akapaza sauti. "Nikamfukue?"

Cassian akamvuta kitenge akae. Walipotoka nje, Mukantabana alijipiga mdomo kwa kiganja. "Ni mimi, Cassian. Mimi niliyemwambia aweke kalamu chini. Domo langu hili!" Cassian hakumbishia, na heri angembishia.

Kwa mwamuzi wa pili Elick alileta mashahidi watatu, wazima wa afya, kila mmoja amekariri chake. Kembabazi, mjane wa Mzee Tukahirwa, alisema mumewe alimsimulia yote. Akaulizwa kama aliona kwa macho yake. Hakuona. Uamuzi ukasema Mukantabana alifukuzwa kihalali.

Alichukua nakala nzima ya kumbukumbu za usikilizwaji huo, kurasa sitini na mbili, akamtupia Cassian mapajani pale kituo cha mabasi Kayanga.

"Tafuta kasoro. Hata moja. Na sisi twende mahakamani."

Cassian alisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kwenye mistari, mpaka magari mawili yakajaa na kuondoka. Alipomaliza, hakumtazama usoni.

"Hii imeandikwa yote, mama," akasema. "Haikosi hata neno."