Dripu Sebuleni

Baba yangu alikuwa mpiga chapa. Alisimamia mashine kongwe kuliko zote kiwandani, ile ambayo vijana waliiita Bibi kwa sababu ilikohoa kabla ya kuanza kazi. Yeye wakamwita Mume wa Bibi, na jina lile alilipenda kuliko cheo.

Mwaka wake wa mwisho moyo wake ulikuwa umepanuka na kuchoka. Daktari alimpa vidonge, akampiga marufuku pombe, akamwambia hata maji ya kunywa ayapime kwa kikombe, maana moyo ule haukuwa tena na nguvu za kuyasukuma. Haya aliyajua mama peke yake. Baba alimwapisha asimwambie mtu. Kiwandani mwenye moyo mbovu huondolewa kwenye mashine na kupewa kiti getini, na baba alisema bora kaburi kuliko kiti kile. Mimi nilikuwa namwona mama akiondoa jagi mezani kabla baba hajajiongezea, nikadhani ni mambo yao ya watu wazima.

Ijumaa moja walimuaga mtunza stoo aliyestaafu, rafiki wa baba tangu ujana. Baba alirudi amelewa, akiwa ameshikwa mkono. Asubuhi kichwa kilimgonga, alikuwa ametapika, na kiwandani walimngoja: kulikuwa na kazi ya haraka ya vitabu vya shule, na Bibi hakukubali mkono wa mtu mwingine. Gari la kazini lilikuwa linakuja kumchukua.

Baba mdogo, ambaye alilala kwetu usiku ule, alikuwa ameshatoa simu.

"Kaka, acha kuteseka kizamani. Siku hizi kuna watu wa maji. Wanakuja na dripu mpaka kwenye kochi. Mimi wameshanifufua mara ngapi!"

"Kwani mimi nimekufa?"

"Bado kuzikwa tu."

Wakacheka wote wawili. Mama alitokeza jikoni, mikono ina povu la sabuni.

"Shemeji, mwache alale. Usingizi ni dawa."

"Usingizi hauchapi vitabu, shemeji."

Mama alimtazama baba. Baba alitazama dirishani. Kisha akaingia chumbani, akatoka amevaa soksi. Joto lilikuwa la kukaanga, na baba hakuwa mtu wa soksi nyumbani, lakini nilidhani anajiandaa kwenda kazini.

Muuguzi alifika kwa pikipiki, mwanamke wa makamo, mkoba begani, macho mekundu ya mtu aliyetoka zamu ya usiku hospitalini na kuunganisha na kazi ya kampuni ya dripu. Alisoma maswali kwenye simu yake.

"Mzee, una presha?"

"Sina."

"Kisukari? Figo?"

"Sina, mwanangu."

"Moyo?"

"Moyo wangu una shida moja tu. Unapenda kupita kiasi. Muulize huyo."

Muuguzi alicheka, akamgeukia mama aliyesimama mlangoni ameshika pazia.

"Mama, ni kweli anayosema?"

Mama aligeuza macho kwa baba. Baba hakumkazia macho wala hakukunja uso. Alitabasamu tu, kama mtu anayeomba.

"Mwenye mwili ndiye anayejua," mama alisema.

"Kipimo cha presha nimemwachia mwenzangu," muuguzi alisema akifungua mkoba, "ila naona mzee yuko imara."

Alitundika mfuko wa maji kwenye hanga, hanga kwenye fimbo ya pazia. Akaupata mshipa mara moja. Baba alitazama matone na kusema yanatembea kama karani wa serikali.

"Fungulia, mwanangu. Gari linakuja."

"Taratibu ni bora, mzee."

"Fungulia bwana, ameomba mwenyewe," alisema baba mdogo.

Akafungulia. Mfuko wa kwanza ulipoisha, baba alisema kichwa kimepoa, na baba mdogo akapiga makofi. Wakatundika wa pili. Mama alikuwa amerudi jikoni, na nilimsikia akiosha chombo kimoja hichohicho, anakiosha tena na tena.

Kikohozi kilianza kidogo, kama cha kusafisha koo. Halafu baba akataka kuketi wima. Halafu akataka dirisha lifunguliwe, nalo lilikuwa wazi. Muuguzi alifunga dripu haraka. Alipiga magoti, akavuta soksi moja chini, akabonyeza mguu uliovimba kwa kidole gumba. Shimo la kidole lilibaki pale, halikurudi, kama kwenye unga uliokandwa.

"Mungu wangu," alisema. "Mzee, mbona hukuniambia?"

Baba hakuwa na pumzi ya kujibu. Mdomoni mwake kulikuwa na povu. Gari la kiwandani lilipopiga honi nje tulimbeba hadi ndani yake, muuguzi akimshikilia aketi, akimwambia, "Vuta pumzi, baba, vuta." Tulifika hospitali. Baba hakufika.

Kampuni ile ilizima simu. Muuguzi alikuja mwenyewe kutoa pole, siku ambayo nyumba ilikuwa imejaa ndugu. Alisimama mlangoni, kichwa ameinamisha. Baba mdogo aliruka kama aliyekanyaga moto.

"Una uso wa kuja hapa? Muuaji wewe! Sasa hivi tunakwenda polisi, mimi na wewe."

Akaanza kutafuta viatu vyake. Ndugu walinong'ona, mmoja akasema huyo lazima afungwe.

"Shemeji, keti," alisema mama.

"Siketi!"

"Kaka yako alikuwa na ugonjwa wa moyo. Alikatazwa hata maji ya kunywa. Mimi nilijua. Huyu aliniuliza mbele yako, nikamfichia mume wangu."

Shangazi mkubwa aliguna, akasogeza kiti chake mbali na mama, na wengine wakafanya vivyo hivyo. Sijawahi kuona mtu akiachwa peke yake haraka kiasi kile.

"Mama, usinibebee," muuguzi alisema akilia. "Mimi sikupima. Kazi yangu ilikuwa kupima."

Baba mdogo alikuwa amesimama katikati, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Alimtazama mama, akamtazama muuguzi. Kisha akaitazama simu yake, ile aliyowaita nayo, kama kitu alichookota njiani.

"Sasa niende nikamshitaki nani?" aliuliza.

Aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtoto, na nadhani alitaka kweli kuambiwa.