Mgeni katika Grupu la Mke Wangu

Huyo Njagi nilimchukia kabla sijamwona. Nilianza kwa kuchukia sauti yake. Kila asubuhi, kabla hata sijamaliza chai, simu ya mke wangu inalia ting! na sauti nzito ya mtu aliyelala vizuri inatoka humo: "Habari ya asubuhi, Mwezeshaji wetu. Mvua imefika huko kwenu?" Ati Mwezeshaji wetu. Wetu na nani?

Mimi ni Kaimenyi, fundi wa mawe. Ukitoka Nkubu ukipanda kuelekea msitu, nyumba nyingi unazoziona zimepita mikononi mwangu. Na wivu mimi sina, hilo tuelewane mapema. Mtu mwenye wivu hupekua simu ya mkewe. Mimi ya Karwirwa sijawahi kuipekua, kwa sababu ameifunga na nambari ya siri na hiyo nambari sijaijua.

Kazi ya Karwirwa ni grupu. Usicheke, mimi nilicheka na nikakoma. Kuna shirika linalomlipa aendeshe grupu la WhatsApp linaloitwa Baada ya Maafa. Wamo watu ambao kazi yao ni kuwasaidia wengine kuinuka baada ya mafuriko, ukame na maporomoko ya ardhi: maafisa wa kilimo, watu wa makanisa, watu wa kujitolea, kuanzia kwetu Meru mpaka Mbeere, kule chini Embu kwenye joto. Mmoja akikwama anauliza, na aliyewahi kukwama hapo anamjibu. Karwirwa ndiye anayechokoza mazungumzo, anayemnyamazisha mwenye kujigamba na kumvuta aliyenyamaza. Watu wanampenda. Wanampenda kupita kiasi, ukiniuliza mimi.

Aliingia kazi hiyo baada ya kilima chetu kuporomoka. Mvua za mwaka juzi zililegeza udongo nyuma ya boma, ukashuka mchana kweupe, ukabeba migomba na jiko letu la kuni. Karwirwa alikuwa ndani ya hilo jiko. Alitoka na kiatu kimoja, matope mpaka kwenye nywele, na Mungu ashukuriwe. Mimi sikulala. Kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimemjengea jiko jingine, palepale, la mawe ya kuchonga, na yeye akapaka madirisha rangi ya kijani. Majirani walikuja kulitazama. Mchungaji alilitaja kanisani. Nilitembea Nkubu kifua mbele, na nani angenikataza?

Sasa shirika linamtaka ahamie Embu. Apewe ofisi, apangishiwe nyumba, na wa kufanya naye kazi nani? Njagi, wa grupu hilo hilo.

"Wanataka jibu Ijumaa," aliniambia, huku anamenya viazi.

"Na wewe unasemaje?"

"Nafikiria, Baba Kinya."

Kinya, binti yetu, yuko shule ya bweni. Kwa hiyo hapa nyumbani cha kumzuia ni mimi tu, na niliona wazi kwamba mimi sitoshi. Kila jioni akishabandika chungu anatoka jikoni, anaketi kwenye kiti chini ya paa la stoo, matone yanamrukia, simu mkononi, anacheka. Nikimuuliza kwa nini anakaa kwenye baridi, ananiambia hapo mtandao uko sawa. Mtandao! Mimi hupata mtandao hata chooni.

Roho iliniuma. Haya, nimesema.

Aliyeniwasha kabisa ni Gitobu, jirani yangu, ambaye yuko kwenye kamati ya maafa ya kijiji na yumo grupuni. Tulikuwa tunapakua mchanga kutoka kwenye gari. "Kaimenyi," akasema, "bibi yako ana wanaume mia moja kwa simu na wewe unakoroma tu? Huyo wa Embu jana amemwambia bila yeye grupu lingekuwa soko bila watu."

"Alimwambia hivyo mbele ya watu?"

"Mbele ya watu! Na watu wakapiga makofi."

Hapo ndipo nilipotafuta laini mpya. Nikamshika Gitobu shati, akanitumia linki, akaapa hatasema. Nikaingia kwa jina la Elphas, mjenzi wa kujitolea kutoka Kibirichia. Nia yangu ilikuwa moja: kumvizia Njagi mpaka ateleze, halafu nimwonyeshe mke wangu, nimwambie, ona huyu mtu wako, na mambo ya Embu yaishe.

Sikuwa nimeketi vizuri, ting!

"Karibu sana Elphas," Karwirwa akaandika. "Tumefurahi umekuja. Mjenzi tulikuwa tunamhitaji. Jisikie nyumbani, usiwe na haraka."

Ai! Jisikie nyumbani? Mimi niliye nyumbani siku hizi naambiwa "chakula kiko mezani". Huyu Elphas hata hajasalimia watu, na tayari anabembelezwa! Nilikaa juu ya rundo la mawe nikamwonea wivu Elphas, nikijua vizuri kabisa Elphas ni nani.

Kumbe grupu lenyewe lina desturi yake, aliyoiweka Karwirwa. Mgeni haruhusiwi kuuliza wala kujibu kabla hajasimulia kazi moja aliyoifanya baada ya maafa ikaharibika. Mafanikio hayatakiwi. Anasema mafanikio kila mtu huyatia chumvi, lakini aliyeharibu na akakubali, huyo ana kitu cha kumfundisha mwenzake. Nilirudi juu, nikasoma ya Njagi. Baada ya ukame alizigawia familia mbuzi kabla nyasi hazijarudi, mbuzi wakafa mikononi mwa watu, na mama mmoja akamrudishia ngozi bila kusema neno. Nilitafuta mahali pa kumcheka nikakosa. Hilo nalo liliniudhi.

Alhamisi mchana Karwirwa akanikumbuka. "Elphas, tunakungoja bado. Hata jambo dogo."

Nilikuwa shambani kwetu, nyuma ya migomba, na yeye alikuwa chini ya paa la stoo, sio mbali. Alikuwa ndiyo kwanza amebandika githeri ya mahindi na maharagwe. Manyunyu yalikuwa yameanza. Sasa nisimulie nini? Kazi ya maafa niliyowahi kufanya ni moja tu katika maisha yangu, na hiyo haikuharibika. Lakini nikisema sina, nitatolewa, na Ijumaa ni kesho. Nikaamua kulichukua jiko letu, nilipeleke Kibirichia, nilitafutie kasoro ya uongo.

Nikaandika: "Kilima kilishuka kikabeba jiko la mama mmoja. Nikamjengea jingine la mawe, palepale, madirisha mawili ya kijani. Ni zuri. Ila nahisi hakulifurahia sana."

Hiyo sentensi ya mwisho, naapa, niliiweka tu ili hadithi iwe na kuharibika ndani yake. Nilipoisoma tena haikufanana na uongo. Nikaituma kabla sijaifuta.

Wa kwanza kujibu ni nani? Huyo huyo.

"Pole na kazi, ndugu Elphas," Njagi akaandika. "Chungu kikiwa motoni, huyo mama hukaa wapi?"

Swali gani hilo? Nikaanza kuandika kwa hasira: ndani ya jiko, wapi kwingine. Nikainua macho nitafute neno la kumchoma nalo.

Moshi ulikuwa unatoka kwenye madirisha ya kijani. Mlango wa jiko ulikuwa wazi kabisa, umeegemezwa jiwe usijifunge. Ndani hakuna mtu. Karwirwa alikuwa kwenye kiti chake huko kwenye manyunyu, shali kichwani, na kiti chenyewe, ambacho mimi nimekiona jioni zote hizi, hakikuwa kimeelekea upande wa barabara ambako mtandao hutoka. Kilikuwa kimeelekea kilima. Kila baada ya muda aliinua uso kutoka kwenye simu akakitazama. Halafu akaingia mbio, akakoroga, akatoka mbio.

Mwaka mzima na zaidi nimemwona mke wangu akipika hivyo, na mimi nikawa namhesabia vicheko.

Nikafuta nilichokuwa nimeandika. Nikaandika, "Nje."

"Hata mvua ikinyesha?"

"Hata mvua ikinyesha."

"Basi anaogopa, ndugu yangu. Mtu alimuuliza anataka lijengwe wapi?"

Nilitamani kuitupa hiyo simu kwenye migomba. Wewe Njagi, wewe hujawahi kukanyaga bomani kwangu, wewe unamjua mke wangu kwa sauti tu, na umeona kwa maneno matatu kitu ambacho mimi ninalala nacho kitanda kimoja! Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea yeye saa hiyo, na haukuwa tena ule wa vicheko. Nilijenga kwa haraka, nikasifiwa, na aliyekuwa ndani ya jiko lile siku ile sikumuuliza hata neno moja.

Pale juu paliandikwa kwamba Karwirwa anaandika. Paliacha. Pakaandika tena. Nilimwona kwa macho yangu, kichwa kimeinama, vidole vimesimama juu ya simu. Mwishowe ujumbe ukaja, lile swali analomuuliza kila mgeni:

"Asante, Elphas. Ungepewa nafasi tena, ungeanzia wapi?"

Nikatoka kwenye migomba. Nilitembea kama kijana anayekwenda kuposa. Nikasimama mbele ya kiti chake, maji yananitiririka shingoni.

"Mama Kinya," nikasema, "jiko ulitaka liwe wapi?"

Hakuinua macho. "Jibu kwenye grupu, Elphas. Watu wanangoja."

"Umejuaje?"

"Madirisha ya kijani nilipaka mimi." Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na sikujua kama ni kicheko au ni kile kingine. "Na Kibirichia nzima hakuna mjenzi anayejisifu katikati ya kukiri."

"Kwa nini hukuniambia? Wakati wote huu!"

"Ningekuambia lini? Siku mchungaji alipolitaja? Ulikuwa na furaha, Baba Kinya. Ulikuwa unaleta watu kuliangalia. Nikasema nitazoea." Akapangusa kioo cha simu kwa shali. "Sikuzoea. Hao watu wa Embu waliponiita, kitu cha kwanza nilichowauliza ni kama hiyo nyumba ina kilima nyuma yake."

Mimi nilidhani alikuwa akimfikiria Njagi. Alikuwa akifikiria kupika akiwa amekaa.

Nikaandika pale pale mbele yake, kwa vidole vyenye udongo: "Ningeanza kwa kumuuliza mwenyewe." Simu yake ikalia ting! mkononi. Akausoma huo ujumbe polepole, na mimi nimesimama hapo kama sipo. Halafu ndipo akaniangalia. Alikuwa analia, na hakujificha.

Akaonyesha kwa kidevu, kule juu karibu na lango, chini ya mti wa avokado, mbali na kilima, mahali ambapo mimi nilikuwa nimepanga kujenga banda la kuonyeshea mawe yangu kwa wateja.

"Pale," akasema.

"Pale ni pa banda la mawe."

Akapaonyesha tena kwa kidevu.

"Sawa. Pale," nikasema. "Na Embu?"

"Embu nitawapigia kesho."

"Utawaambia nini?"

"Baba Kinya, wewe chimba msingi kwanza."

Simu zote mbili zikalia kwa pamoja. Ni Njagi, kwa ile sauti yake ya mtu aliyelala vizuri: "Hongera, ndugu Elphas. Na ukimwona mume wa huyo mama, mwambie asikawie."

Mume mimi sikuwa nimemtaja popote. Nikaenda stoo kutafuta jembe. Yule mtu bado simpendi.