Mlango wa Chumba cha Mgonjwa

Nilikuwa naung'oa mlango, nimefika bawaba ya mwisho, mgonjwa alipofumbua macho.

"Fundi, unaupeleka wapi?"

Alikuwa mama wa mwenye nyumba, mtu wa kitandani, mwepesi kama nguo iliyoanikwa. Mwanawe alikuwa kazini. Binti wa kazi alinijua, akanifungulia, akarudi kufua.

"Unakwama, mama. Nakwenda kuupiga randa."

"Haya, mwanangu. Usikawie, upepo wa hapa hauna adabu."

Miaka kumi na moja imepita. Sauti ile haijazeeka.

Niliubeba begani. Mkokotenini ilikuwepo mingine sita. Yote niliitengeneza mimi, kwa mbao za kukopa. Mkandarasi aliyenipa kazi alinipiga kalenda ya malipo, leo, kesho, mpaka akazima simu.

Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimepitia kwanza kwa msaidizi wa sheria, kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Mlango ukishafungwa kwenye fremu ni wa nyumba, si wako tena," aliniambia. "Usiuguse. Mwandikie mwenye nyumba barua ajue unadai. Kama bado ana pesa ya mkandarasi, ataizuia. Akikaidi, tutakwenda mahakamani na mikono safi."

"Mimi shule niliishia darasa la nne."

"Nitaandika mimi. Njoo kesho utie sahihi."

"Hata mkandarasi aliniambia kesho," nikasema, nikatoka.

Mahakamani nilifika kweli, ila kama mshtakiwa. Mwenye nyumba hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alisema siku ile fungu la mwisho la mkandarasi alikuwa nalo bado. Angeona karatasi yangu, angelizuia. Aliporudi akakuta vyumba wazi, akamlipa mkandarasi haraka ili alete milango mingine. Mkandarasi hakuonekana tena.

Niliamriwa nirudishe yote saba.

Ule wa mgonjwa niliuacha uwe wa mwisho. Chumbani kitanda hakikuwepo. Zilibaki alama nne sakafuni. Mwanawe alinishikia mlango nikikaza skrubu.

"Mama alitukataza kutundika pazia mlangoni," akasema. "Kila siku alisema, mwacheni fundi, anarudi. Mpaka kifua kikambana."

Nikamwambia, "Shika hapo juu."

Tulipomaliza aliufunga kuujaribu, yeye ndani, mimi nje. Ulikaa sawasawa. Nikasubiri aufungue. Nikasikia komeo likiingia, kisha mwanamume mzima akilia kama mtu anayekohoa.

Boksi langu la vifaa lilikuwa humo ndani, vifaa vya miaka ishirini. Niliinua mkono nibishe hodi, nikaushusha, nikaenda zangu nyumbani.